Mkia wa Kondoo wa Bibi

Mwaka juzi nilirudi Kigoma kwa shughuli ya ndoa ya binti wa dada yangu, na kwa kuwa wageni wa harusi hawana kazi mpaka siku yenyewe ifike, nikaburutwa kwenda kutazama maonyesho ya wakulima. Kulikuwa na mabanda ya asali, mabanda ya mawese, mabanda ya mbolea, na mwishoni kabisa zizi dogo lililopambwa kwa kitenge kipya. Ndani ya zizi alisimama kondoo mmoja, na juu yake kibao: Kondoo wa Asili, Hazina Yetu.

Nikamtazama mkia. Ndugu yangu, ulikuwa mkia mwembamba kama soksi iliyotiwa mchanga kidogo ncha moja. Nikacheka kwa sauti mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake kando.

Mtaalamu aliyevaa mabuti ya mpira kwenye jua kali alikuwa akieleza kwa kipaza sauti kwamba mbegu hii imelindwa na wazee wetu kwa vizazi na vizazi. Kisha akaomba mmoja wa wazee hao ainuke tumpigie makofi. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, akainuka baba yangu mdogo. Alipunga mkono. Alikuwa na ua la karatasi kifuani. Watu wakapiga makofi, nami mikono yangu nikaificha ndani ya khanga, maana mimi najua ni nani aliyelinda na ni nani aliyemaliza, na kwa bahati mbaya najua pia aliyesaidia kumaliza.

Basi keti nikusimulie.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na shamba dogo nje ya Ujiji, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea bonde la mto Luiche. Juu palikuwa na nyumba na muhogo, katikati michikichi, chini majani ya kondoo mpaka ulipoanza mpunga wa watu. Baba yangu alikuwa kazini Tabora, mama yangu yuko naye, na mimi niliachwa kwa Bibi nisome huko. Ng'ombe hatukuwa nao. Mbuzi Bibi aliwaita wezi. Yeye alifuga kondoo, na si kondoo wowote, bali wale wa zamani wa kwetu, wenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo, masikio yanayoning'inia, na mkia mpana wa mafuta uliokuwa ukiyumba nyuma kama kapu la mwanamke anayetoka sokoni. Dume mzima mwenye afya, mkia wake ulifunika magoti ya nyuma.

Wale kondoo walikuwa na dharau. Sijawahi kuona mnyama mwingine wa namna ile. Ukiwaletea majani wanayatazama kwanza, kisha wanakutazama wewe, kana kwamba wanajiuliza kama ndiyo haya tu. Bibi alikuwa na macho yaleyale. Sijui nani alimfundisha mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa kufagia zizi alfajiri, kuwatoa kupe masikioni na chini ya mkia, na jioni nikitoka shule kuwashusha bondeni na kuwazuia wasiingie kwenye muhogo wa jirani. Bado naisikia harufu ya zizi lile, mkojo na majani makavu na moshi ambao Bibi aliuwasha kufukuza mbu. Na harufu ya mafuta ya mkia! Akichinjwa kondoo, Bibi alikata mafuta vipande vidogo, akayayeyusha kwenye chungu polepole mpaka nyumba nzima ikanukia, na yale makoko yaliyobaki tukayatafuna kwa ugali wa muhogo yakilia mdomoni. Mafuta yenyewe yaliwekwa kwenye kibuyu. Mtoto akikohoa anasuguliwa kifuani. Kisigino kikipasuka kinapakwa. Mboga ya kisamvu ikikosa mawese inaungwa kwa hayo. Sikukuu ya Idi ikikaribia, waungwana wa Ujiji wenyewe, wale wenye kanzu zilizopigwa pasi, walipanda mpaka kwetu na kumsihi Bibi kwa heshima zote awape dume mmoja. Bibi aliwakatalia nusu yao, nadhani kwa raha tu ya kukataa.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi.

Wewe uliyekuwa mbali uliisikia redioni. Sisi tuliiona ikishuka milimani, watu na mikeka na sufuria vichwani, na tuliiona ikifika ziwani kwa mitumbwi iliyojaa mpaka maji yanagusa kingo. Warundi walitoka huku, Wakongo wakatoka kule. Madarasa yetu yakawa nyumba za watu, tukasomea nje. Mwanzoni watu wa kwetu walikuwa wakarimu sana, tena walijivunia ukarimu huo kwa sauti kubwa. Baada ya miezi michache wakaanza kulalamika kuhusu kuni.

Siku moja nilipowashusha kondoo bondeni nikamkuta mwanamke amekaa kwenye nyasi na watoto wawili. Viatu hana, kitenge kimechanika begani. Kondoo wakamzunguka, nami nikaogopa, nikidhani atakamata mmoja. Yeye akanyoosha mkono, akamshika jike aliyekuwa karibu, akauweka mkia kwenye kiganja na kuupimapima uzito, hivi, kama unavyopima papai. Kisha akacheka.

"Intama!" akasema.

Kwa Kiha chetu nasi kondoo twamwita hivyohivyo. Nikamwita Bibi. Wakaongea, huyu Kirundi chake na yule Kiha chake, wakielewana kama watu wa mlango mmoja. Kwao alifuga kondoo wa namna ileile, na walikuwa kumi na mmoja alipowaacha. Bibi hakumpa pole. Alimwuliza dume wake alikuwa wa rangi gani.

Bibi akamweka kwenye kibanda cha kukamulia mawese, katikati ya michikichi, ambako mtu wa barabarani haoni. Nikawa namwita Mama wa Kondoo. Alijua mambo ambayo hata Bibi hakuyajua. Kondoo akichechemea, alimlaza ubavuni, akamkwangua ukwato kwa kisu, akambandika majivu na majani aliyoyatafuna mwenyewe. Jike akikataa kunyonyesha, alimkalisha chini na kumsemesha kwa sauti ya chini mpaka akakubali. Alinisuka nywele. Alimsuka pia jirani yetu, mwanamke wa nyumba ya juu, aliyekuwa akija kila juma na kujisifu kwamba amepata msusi wa bure.

Sasa nimfikie baba mdogo.

Yeye alikuwa mdogo wa baba yangu, amesoma mpaka kidato cha nne, na hilo alilitaja kila alipofungua mdomo. Wakimbizi walipokuja alipata kazi ya ukalimani kwenye shirika moja la msaada, akapewa fulana na kofia. Kofia ile hakuivua hata akila. Mtu ambaye jana alikuwa akiomba sukari kwa mama yake leo aliongea kupitia puani na kutuita sisi "wenyeji". Mara "wenyeji hawa hawana elimu ya usafi", mara "wenyeji lazima wahamasishwe". Bibi akamwuliza, "Na wewe ulizaliwa wapi, kwenye ndege?"

Shirika lake likaja na mradi wa kuwaletea wenyeji mifugo bora, ili wasiwaonee kijicho wakimbizi wanaopewa unga. Kwetu alikuja mtaalamu, kijana mwenye daftari, akawatazama kondoo wa Bibi kwa dakika chache akiwa amesimama nje ya zizi asichafue viatu. Akasema wanyama hawa wana mafuta yasiyo na faida. Tutaletewa dume mweupe wa kisasa. Sharti lilikuwa moja, madume wetu wote wahasiwe kwanza, wasije wakachafua mbegu.

"Kondoo hawa ni wangu," Bibi akasema.

"Bibi, tumeshazungumza na mwenye nyumba," mtaalamu akajibu, na akamwonyesha baba mdogo, aliyekuwa ameshatia sahihi kwenye karatasi.

Mwenye nyumba! Hata bati moja la nyumba ile hakulipigilia msumari.

Madume walikuwa wanne. Siku waliyokuja na lile koleo kubwa la kuhasia waliwakuta watatu. Wa nne, mwekundu, ambaye mkia wake ndio nilioueleza, hakuonekana. Bibi akasema amekufa, ameliwa na fisi. Baba mdogo akauliza mifupa iko wapi. Bibi akamwambia akamwulize fisi.

Dume mwekundu alikuwa kibandani kwa Mama wa Kondoo. Amefungwa kamba, analishwa majani ya kukata. Mimi ndiye niliyempelekea majani kila asubuhi kabla ya shule, nikiyaficha chini ya kuni. Bibi alinikalisha akanieleza kwa makini. Mambo yalikuwa yameshabadilika wakati ule, gari lilikuwa limepita na kipaza sauti likitangaza kwamba wakimbizi wote sharti wawe kambini, wanaoishi majumbani mwa watu watakusanywa.

"Ukisema dume yuko wapi," Bibi aliniambia, "umesema na mama yule yuko wapi. Unanielewa?"

Nikasema nimeelewa. Na nilielewa. Nilikuwa na miaka kumi, na watu hupenda kusema mtoto hajui. Mimi nilijua.

Baba mdogo alinisubiri njiani nikitoka shule, mchana kweupe, amekaa juu ya baiskeli na mguu mmoja chini. Alikuwa na pakiti mbili za zile biskuti za msaada, ngumu, zilizofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Watoto wote wa Ujiji waliziota. Akanipa moja nzima.

"Wewe una akili," akasema. "Si kama hawa wenyeji. Wewe nitakupeleka shule ya mjini."

Nikala.

"Dume mwekundu yuko wapi?"

"Bibi atanipiga."

"Atakupigaje na mimi nipo?"

Akanipa pakiti ya pili. Nikaigeuza, nikainusa. Kisha nikamwelekeza kwa mdomo upande wa michikichi, kama tunavyofanya kwetu, maana mikono yote miwili ilikuwa na biskuti.

Alikwenda moja kwa moja. Nilimfuata kwa mbali. Nilimwona akiinama kuingia kibandani, nikamsikia Mama wa Kondoo akimwamkia kwa adabu, "Karibu, baba," kama mwenye nyumba anayepokea mgeni. Hakukaa sana. Alipotoka alikuwa anatabasamu, akairekebisha kofia.

Kesho yake walikuja na koleo. Dume mwekundu hakupiga kelele, kondoo hawapigi kelele, alitetemeka tu miguu ya nyuma na akabaki amesimama akiwatazama wanaume wanne kwa macho yale ya dharau mpaka mmoja wao akatazama pembeni. Keshokutwa yake likaja lori.

Mama wa Kondoo alikuwa ameshawavisha watoto. Alifagia kibanda. Chungu alichoazimwa alikiosha kwa mchanga, akakileta mpaka mlangoni kwa Bibi kwa mikono miwili. Bibi akamwambia baba mdogo, "Mwache huyu, ananisaidia kazi." Baba mdogo akajibu kwamba ni utaratibu, Mama, mimi sina uwezo. Yule jirani wa nyumba ya juu alisimama kwenye kijia akitazama, nywele zake zimesukwa vizuri, mistari imenyooka, kazi ya siku tatu tu zilizopita. Akasema, "Afadhali, maji ya kisima yalikuwa yanakwisha." Nimekutana na watu wabaya wengi maishani, ila yule mwanamke na mistari yake kichwani ndiye ninayemkumbuka nikisikia neno ubaya.

Mama wa Kondoo aliponipita aliniwekea mkono kichwani.

Bibi hakunipiga. Jioni ile alipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, akanawa, akaketi, akanisukumia sahani yenye biskuti tatu zilizobaki katika ile pakiti ya pili.

"Kula," akasema. "Ndicho ulichochagua."

Biskuti zilipokwisha alimtuma mtu akaombe nyingine kwa baba mdogo, akaniwekea hizohizo. Siku nane. Mimi nakula biskuti kavu na maji, yeye mbele yangu anamega ugali, anachovya, analamba vidole, wala hanitazami. Siku ya tisa akaniwekea ugali, na hatukulizungumza tena.

Dume wa kisasa aliletwa na pikapu. Ilibidi ashushwe na watu watatu. Alikuwa amefunikwa manyoya kama godoro lililopasuka, macho mekundu, na mkia kama kidole. Bibi alimzunguka mara moja.

"Huyu ni nani kamnyonyoa mkia?"

"Mama, huyu amezaliwa hivyo," baba mdogo akasema.

"Maskini," Bibi akasema, akaingia ndani.

Joto la bonde lilimshinda tangu juma la kwanza. Alihema ulimi nje, amelala kivulini. Baba mdogo akaamuru apepewe, na kazi hiyo nikapewa mimi. Nikakaa na ungo saa za mchana nampepea kondoo, watoto wenzangu wanapita kwenda ziwani kuoga wananicheka, nami sikuona kwamba nastahili kingine. Majike walimkwepa. Alipata watoto wachache, wembamba, manyoya yamejaa kupe usiowaona mpaka uwatafute kwa vidole. Mvua kubwa ziliposhuka na bonde likawa tope, kwato zake zikaoza. Kijana wa daftari hakuonekana. Mradi ulikuwa umeshahamia kwingine, sasa walikuwa wanafuga sungura. Dume akafa. Mke wa baba mdogo alimchemsha tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na nyama ikawa bado kama mpira wa baiskeli, wala tone la mafuta halikuelea juu ya mchuzi.

Wanakondoo wake wakafa mmoja mmoja. Madume wetu waliohasiwa wakaliwa sikukuu. Majike wakazeeka, hawana wa kuwapanda, kwa kuwa majirani zetu wote nao walikuwa wametia sahihi karatasi zilezile. Mwaka wa pili tangu lori lile, zizini alibaki jike mmoja tu, mzee, meno yamepungua, lakini mkia wake mzima.

Bibi aliamka asubuhi moja akamfunga kamba na kuniambia nivae sare ya shule. Hatukwenda shule. Tulipanda lori la magunia, kondoo katikati yetu, siku nzima kwenye vumbi jekundu, tukalala kwa ndugu wa mbali, na asubuhi tukafika soko la karibu na kambi, ambako wakimbizi walitoka kuuza na kununua. Bibi alikaa chini na kondoo wake akimwuliza kila mwanamke anayepita habari za Mama wa Kondoo. Kufika adhuhuri akaja.

Alikuwa amekonda shingo. Mtoto alikuwa naye mmoja, na Bibi hakuuliza habari za wa pili, na yeye hakusema. Akapiga magoti mbele ya kondoo, akauweka mkia kiganjani, akaupima.

"Intama yanje," akasema, yaani kondoo wangu.

Kisha akaniona. Mimi nilikuwa nimejiandaa safari nzima kwa maneno ya kusema, na maneno yalikuwapo, nilikuwa nayo mdomoni.

"Umekua," akaniambia. "Unasoma?"

"Nasoma."

"Vizuri."

Hayo tu. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, nimesimama mbele ya mikutano, na mdomo huu uliojua kuelekeza njia siku ile haukujua kuomba msamaha. Simdharau baba mdogo kwa kiasi ninachomdharau yule msichana mwenye sare safi.

Mama wa Kondoo akamgeukia Bibi. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, akitafuta neno kwa neno, hataki kudanganya.

"Mama, huyu sitaweza kumfuga. Kule hakuna majani. Nitamchinja. Mtoto hajala nyama tangu mvua za mwaka jana."

"Ndiyo maana nimemleta," Bibi akasema. "Mafuta ya mkia usimpe mtu."

Akamkabidhi kamba. Tulisimama tukawatazama wakiondoka, mwanamke mbele, mtoto nyuma akiwa ameshika ule mkia kwa mikono miwili, na jike yule mzee akitembea katikati yao bila haraka. Ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Bibi hakufuga tena. Zizi alilipanda mihogo. Alipofariki, lile bonde liligawanywa viwanja, na leo pana nyumba za bati, geti jekundu, na kijiwe cha bodaboda pale nilipokuwa nikitoa kupe. Nilipita hapo baada ya maonyesho. Nilimwuliza kijana mmoja wa kijiweni kama amewahi kusikia kondoo wa mkia mpana, akaniuliza kama ni aina ya gari.

Dada zangu huniuliza kama huwa nawakumbuka kondoo wale. Nawakumbuka mmoja mmoja, rangi na tabia. Ninachokitafuta siku hizi bila kukiona ni ule moyo wa Bibi, mtu anayebakiwa na mnyama mmoja wa ukoo mzima, asimjengee zizi la kitenge, asimwitie mgeni rasmi, bali amfunge kamba ampeleke kwa mwenye njaa anayejua anachokula.